Namba Niliyoifuta Kifuani pa Kalala

Siku ile ya wembe bado iko vidoleni mwangu, mwanangu, na ile foto ya watu uliyoingia nayo jana ndiyo iliyoniwasha. Nilikupiga kofi moja mbele ya jirani. Sikatai. Leo nakueleza ni kwa nini, na wewe utasikiliza mpaka mwisho bila kuangalia mlango.

Mi si mzee. Nina miaka thelathini na moja, na maneno ya namna hii yana wenyewe, watu wa mvi na fimbo. Lakini waliopaswa kukuambia wameisha nyumbani kwetu. Wa mwisho alikuwa Kaku, nyanya yangu aliyenilea. Penye wazee haliharibiki neno, na pasipo na wazee inabidi mtu mmoja ajizeeshe kwa nguvu. Basi kaa chini, Ntumba. Na wewe mwingine unayesoma, uliye wa umri wake, kaa naye hapo hapo.

Mwalimu wenu aliagiza kila mtoto alete foto moja ya zamani ya jamaa yake, asimame mbele ya wenzake, aseme huyu ni nani na alitoka wapi. Kazi nzuri. Nilikutolea bahasha yetu, nikakuwekea foto ya Kalala juu ya kitanda, nikaenda sokoni. Wewe ukaiacha palepale. Ukavuka kwa jirani, ukaazima foto ya mzee wao mwenye suti nyeupe na mkono juu ya baiskeli, ukasimama mbele ya darasa ukasema huyo ndiye wetu. Mwalimu akakusifu. Nilipokuuliza sababu, ulinijibu bila kupepesa macho:

"Maman, ya kwetu eko mufungwa. Batu batanicheka."

Hapo ndipo mkono ulipokwenda. Uongo wako ungengoja, nimeshasikia uongo wa watoto mkubwa kuliko huo. Ni neno lile, mufungwa. Neno hilo nililiingiza nyumbani kwetu mi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na minne, mitatu tu zaidi ya yako.

Wakati ule tulikaa Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, kabla watu hawajaanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Mama yangu alikuwa anauza samaki wa chumvi, anatoka alfajiri na kurudi amechoka, hivyo mi nilikuwa mtoto wa Kaku. Kaku alikuwa na bahasha kubwa ya hospitali, ile ya karatasi ngumu wanayotilia picha za mapafu. Ilikuwa ya mumewe, aliyekufa na vumbi la mgodi kifuani. Picha ya mapafu aliitupa, bahasha akaibakiza, akaweka humo foto zote za jamaa. Hazikufika kumi na tano.

Kila mwanzo wa kiangazi alizitoa azikaushe, maana mvua za Kolwezi huingia hata ndani ya sanduku. Alitandika mkeka uani, akazipanga moja moja, akazisalimu kwa Kiluba cha Kasai. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alizitambua kwa kingo zake na mikunjo yake. Akifika kwenye ile ndogo yenye karatasi nene na alama za gundi mgongoni, aliishika kwa mikono miwili. "Moyo, tatu," anasema. Maana yake, salamu, baba.

Ndiyo hiyo uliyoiacha kitandani. Kijana amenyolewa kipara, amesimama mbele ya ukuta wa matofali, hana shati, na kifuani ameshika kibao cheusi cha kuandikia. Siku zile kibao kilikuwa na namba ya chaki, tarakimu tano, nyeupe kabisa.

Kiangazi kimoja rafiki yangu Mamie alinikuta uani na zile foto. Akachuchumaa, akainua ile.

"Huyu ni nani?"

"Baba ya Kaku. Kalala."

"Na juu ya nini banamushikisha kibao?" Akaniangalia, kisha akaangalia foto, akatabasamu polepole. "Si njo vile banafanyaka bezi ku polisi? Angalia kichwa, banamunyoa. Angalia nimero. Kumbe muko bajukuu ya mufungwa, na hamusemi."

Nilicheka ili asione aibu yangu. Ningeweza kugeuka tu. Kaku alikuwa hatua nne kutoka pale, anachambua sombe, majani ya muhogo. Kumuuliza kungechukua muda wa kumenya muhogo mmoja. Sikumuuliza. Nilikuwa ninasoma sekondari, mwanangu, na Kaku hakujua hata kuandika jina lake, nikadhani macho yangu ndiyo yanayoona.

Kesho yake shule nzima ilikuwa na habari. "Mufungwa, kuya huku." "Mufungwa, leo banakuachilia saa ngapi?" Mvulana mmoja wa darasa la juu alinishikisha kibao cha kufutia ubao, akawaambia wenzake wasimame, anapiga foto. Walianguka kwa kicheko. Hata mi nilicheka, kwa sababu ukishindwa kumpiga mtu unacheka naye.

Alhamisi, Kaku alipokwenda parokia kwenye mkutano wa kina mama, nilitoa bahasha. Nilikuwa na wembe mpya, bado una mafuta. Nikaiegemeza foto juu ya daftari, nikaanza kukwaruza namba. Ilitoka kirahisi, hiyo ndiyo inayonitia hasira mpaka leo, kwamba ilitoka kirahisi hivyo. Tarakimu ya kwanza ilikuwa saba, naikumbuka kwa sababu wembe uliteleza kwenye mguu wake mrefu. Nyingine nne sizikumbuki. Nilizitazama kwa macho haya, mbele ya pua yangu, na sizikumbuki. Kibao kikabaki na madoa meupe, nikachukua kalamu ya biki nyeusi nikapaka mpaka kikawa cheusi chote. Nikaona nimemtoa mzee gerezani. Nikajisikia mwepesi siku ile.

Sasa nikuambie nisichokijua siku ile nikiwa na wembe mkononi.

Kalala alikuja na watu waliochukuliwa Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Alioa hapa, akazaa Kaku hapa, na Kaku alipokuwa na miaka sita mgodi ulimwangukia. Mkewe hakukaa mwaka, naye akafa. Kaku alibaki mtoto wa kambi, akalelewa na huyu na yule. Biro, ofisi ya kampuni, ilimpa vitu vya baba yake: blanketi, bakuli la bati, na foto iliyobanduliwa kwenye kitabu chake cha kazi. Kijiji alichotoka Kalala, hakuna aliyebaki wa kukitaja. Kaku alikumbuka tu baba yake akisema kuna mto karibu, na wanawake wake wanaimba wakitwanga. Nenda Kasai nzima ukatafute kijiji chenye mto na wanawake wanaoimba.

Kabla sijazaliwa, watu wa Kasai walipoambiwa waondoke Katanga warudi kwao, Kaku naye alibeba valizi ya nguo mpaka gare, kituo cha treni. Watu walikuwa wanalala pale juu ya mizigo yao, wanangoja treni siku hata miezi. Mmoja aliyekuwa anaandika orodha akamuuliza, "Mama, unashukia wapi?" Kaku akasimama. Yule akarudia, "Kasai ni kubwa, mama. Unashukia wapi?" Alirudi na valizi yake kwenye mji uliokuwa unamfukuza, kwa sababu ule mwingine haukuwa na jina. Aliyemficha chumbani kwake ni jirani yetu Mama Kasong, Mlunda, mzaliwa wa Sandoa. Wale wanaopenda kukuambia kabila hili ni nyoka na lile ni simba, wakumbushe Mama Kasong.

Tangu siku ile ya gare Kaku alitaka jambo moja kabla ya kufa. Alitaka kupeleka habari kwa watu wa baba yake kwamba amekufa. "Huku tulishamulilia," alikuwa anasema. "Kule bado banamungojea. Haiko heshima, mutu kungojewa miaka yote ile."

Basi haukupita mwezi tangu Alhamisi ile, akaja nyumbani Tata Mbuyi, mzee wa parokia yetu aliyekuwa karani wa wafanyakazi kabla ya kustaafu. Kaku alikuwa amemsimulia shida yake baada ya misa. Tata Mbuyi akakaa, akaweka kofia juu ya goti.

"Mama, dosie za bazee, makaratasi yabo ya kazi, ziko, ndani ya masanduku. Vijana ba biro bananijua, banaweza kuniachia niingie. Ndani kunaandikwa yote: mugini kwenye alizaliwa, shefu wa kijiji ile, jina la baba na mama. Lakini haziko kwa majina. Ba Kalala ni kama mchwa, nikiwatafuta kwa jina nitakufia mule. Ziko kwa nimero. Uko na nimero yake?"

Kaku akanyanyuka kidogo kwenye kiti. "Niko na foto. Eko anashika kibao."

"Ah, foto ya kibao." Tata Mbuyi akacheka kwa furaha. "Siku ya kwanza kabisa njo banaipiga. Wanakunyoa juu ya chawa, wanakupima, wanakupa kibao. Baba yangu pia alikuwa nayo. Tuliitundika salon, juu ya radio, wageni wote baione."

Mi nilikuwa nimeshika sinia ya maji. Salon, sebuleni kwao, juu ya radio. Wao waliitundika.

"Kapinga," Kaku akaniita, na sauti yake ilikuwa ya msichana, "enda umusomee Tata nimero ya baba yangu. Andika muzuri, usikosee."

Mwanangu, hapo njia ilikuwa moja. Ningetoka na foto, nikapiga magoti, nikasema. Badala yake niliingia chumbani, nikachana karatasi ya daftari, nikaandika saba, nikaongeza tarakimu nne za kichwani mwangu. Nilijiambia atatafuta, hatapata, atasema panya wamekula, na yataisha. Tata Mbuyi alikuwa mtu wa biro, aliamini karatasi. Aliikunja, akaitia mfukoni, hakuomba hata kuiona foto. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na urefu wa kutosha kumwangusha Kaku kwanza.

Baada ya wiki mbili akarudi. Alikataa maji.

"Mama, nimeiona dosie ya nimero ile. Si ya Kalala. Ni ya mutu mumoja wa Sandoa, jina lake Muteba. Alimaliza kontra yake ya kazi, akarudi kwabo muzima. Ndani ya dosie, pale pa foto, foto haimo. Ilibanduliwa." Akangoja kidogo. "Siku ile ya aksida ya mugodi batu walikufa wengi. Nafikiri biro ilichanganya vitu. Hii foto unayo, mama, si ya baba yako."

Kaku hakulia mbele yake. Alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani kama desturi. Aliporudi aliichukua foto, akaipapasa kingo zake, akailaza kifudifudi juu ya meza.

"Kumbe miaka yote nilikuwa nasalimia baba ya batu," alisema.

Sikiliza nilichokifanya, maana sitaki unione bora kuliko nilivyokuwa. Nilinyamaza. Siku kadhaa nilinyamaza. Nilimpikia bukari, ugali wetu, nikamfulia pagne zake za kitenge, nilikuwa mjukuu mwema kuliko siku zote. Kisha jioni moja tunapepeta unga, akasema bila kugeuka kwangu:

"Nilikuwa na miaka sita tu. Nikifunga macho nimutafute baba yangu, naona sura ya ile foto. Sina ingine. Sasa nimuone wapi?"

Ungo uliendelea kwenda na kurudi mkononi mwangu.

Kaku akakata shauri. Foto ya mtu, alisema, haikai kwa watu wengine. Huyo Muteba ana watoto kule Sandoa, na pengine hawana hata sura moja ya mzee wao. Kukaa nayo ni kuwaibia. Mama Kasong alikuwa anakwenda Sandoa kila mara kuleta mahindi na muhogo mkavu. Atapewa aipeleke, aulizie ukoo wa Muteba mpaka aupate. Mama Kasong akakubali.

Jumamosi asubuhi tulimsindikiza kwenye maegesho ya makamio, yale malori ya mizigo. Kamio lilikuwa limejaa chumvi, sabuni na mitumba, watu wamekaa juu ya mizigo, injini inanguruma. Mama Kasong alikuwa amekwishapanda, amejifunga kitenge kichwani dhidi ya vumbi. Kaku akamnyooshea foto, ameifunga ndani ya kitambaa cheupe. Mama Kasong akaifungua aitazame mara ya mwisho kwenye jua.

"Mama Kaku, lakini huyu mutu ni weye kabisa. Angalia pua. Pua ya namna hii kwetu Sandoa haiko, njo mulikuja nayo na treni."

Watu juu ya mizigo wakacheka. Kaku alijaribu kucheka.

"Na kibao iko tupu," Mama Kasong akaendelea, anaigeuzageuza. "Nyeusi tii. Nimero iko wapi? Batu ya Muteba nitabaonyesha nini?"

"Nimero iko," Kaku akasema. "Kapinga aliisoma."

Wakageuka wote wawili kuniangalia, mmoja juu ya kamio, mwingine chini na macho yake ya ukungu yanayotafuta nilipo. Dereva akapiga honi. Nikaona foto ya baba yake Kaku iko mikononi mwa mtu anayeondoka, na kwamba nikimeza mate mara moja zaidi itakuwa imekwenda.

"Haiko," nikasema. "Mi niliifuta. Na wembe. Juu banasema alikuwa mufungwa."

Injini ilikuwa inanguruma lakini nadhani kila mtu alisikia.

"Na ile uliandikia Tata Mbuyi?" Kaku akauliza.

"Niliitunga."

"Na jioni ile ya unga, ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia, Kaku."

Hakunigusa. Aliinua mkono wake juu kuelekea kamio, kiganja wazi. "Kasong," akasema, "nirudishie baba yangu."

Mama Kasong akainama mpaka karibu aanguke, akampa. Kamio likaondoka, na tukabaki ndani ya vumbi lake, Kaku amemshikilia Kalala kifuani, anamwambia maneno ya Kiluba niliyoyajua na mengine ambayo sikuyajua. Alikuwa anamwomba radhi kwa zile siku ambazo hakumsalimu.

Nilingoja fimbo. Ningeipenda fimbo, mwanangu, fimbo huisha. Tulipofika nyumbani alinikalisha kwenye mkeka mbele yake.

"Batu ya kompanyi walimunyoa," alisema. "Wakamuvua shati. Wakamupa nimero mahali pa jina. Yeye akashika ile kibao mikono miwili, akasimama wima, juu alikuwa anatafuta sisi tutakula nini. Si alikuwa anatutafuta, Kapinga? Hakuwa bado anatujua, lakini alikuwa anatutafuta. Na ile nimero ilikuwa barabara yake ya kurudi kwabo. Weye ukaikata. Uliona haya. Haya ya nani? Ya mutu alikuzaa."

Kisha akaniambia nilete biki ileile. Akatoa foto zote, akaanza kunitajia moja moja: huyu nani, alizaa nani, alikufa wapi, alikuwa anapenda chakula gani, alikuwa mgomvi au mpole. Mi niliandika nyuma ya kila foto. Tulifika kwa Kalala. Nilidhani ataniambia niandike jina tu. Akanitamkia, neno kwa neno, na mi nikaandika: "Huyu ni Kalala, baba ya Kaku. Hakuwa mufungwa. Alikuwa na namba, na namba yake niliifuta mi, Kapinga, mujukuu wa Kaku, kwa haya yangu."

Iko hapo nyuma mpaka leo, kwa mwandiko wangu wa mtoto. Ungeigeuza tu jana asubuhi, ungeisoma.

Tata Mbuyi nilimwendea mwenyewe. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakunitukana. Aliniuliza nakumbuka nini, nikasema saba. Basi mzee yule, kwa miguu yake mibovu, alirudi kule kwenye masanduku, akafungua dosie zinazoanza na saba, moja baada ya nyingine, siku alizoruhusiwa. Akina Kalala aliwapata, wengine walioishi, wengine waliokufa, na hakuna ambaye ungeweza kusema huyu ndiye. Wengi foto zao hazimo. Miguu ilipokataa kabisa alinitumia ujumbe: "Mwambie Kaku anisamehe." Yeye ndiye anaomba msamaha. Mi ndiye niliyefuta.

Majuto ni mjukuu, wanasema, yaani huja nyuma. Kwetu mjukuu alitangulia, majuto yakamkuta Kaku mbele.

Alikufa mi ninamaliza sekondari. Kwenye matanga, mzee mwingine wa parokia alisimama kusoma historia yake kwenye karatasi: alizaliwa kambini, binti ya Kalala, mzaliwa wa kijiji cha… Nilikuwa nimeiandika karatasi ile mi mwenyewe, na hapo nilikuwa nimeacha nafasi, kama vile mtu angenijia na jina dakika ya mwisho. Mzee alikohoa, akaruka kwenda mstari unaofuata. Watu wengi hawakuona kitu. Na sasa kule kwenye mto na wanawake wanaotwanga, kama bado kuna anayekumbuka, wanamngojea Kalala, na binti yake hawakumjua kabisa.

Ntumba, mwaka jana ulirudi nyumbani ukaniambia mtoto mmoja barabarani amekuambia rudini kwenu Kasai. Uliniona nilivyowaka. Ulifikiri namkasirikia yule mtoto. Kweli nilimkasirikia, na wazazi wake waliompa maneno hayo na maziwa. Umezaliwa Kolwezi, mi nimezaliwa Kolwezi, Kaku alizaliwa hapa, Kalala amezikwa hapa chini ya mawe waliyomtuma kuyavunja. Kama kwetu si hapa, basi hapa si kwa mtu yeyote. Lakini chini ya hasira ile kulikuwa na nyingine. Ningetaka niweze kumjibu, ndiyo, tuna kwetu pa kale pia, panaitwa hivi, mto wake unaitwa hivi, na hatuendi kwa sababu hatutaki. Siwezi. Mwenye kujua kwao hukataa kwenda. Mi sina hata pa kukataa.

Na unamwonea haya mtu mwenye namba kifuani? Mwangalie baba yako kesho asubuhi. Kabla hajapanda basi ya kazi anavaa badji shingoni, kitambulisho cha kazi, ina foto yake, ina namba yake, na mlangoni pa mgodi hakuna anayemuuliza jina. Wanaisoma namba. Bukari uliyokula leo imetoka kwenye namba ile. Siku moja atazaliwa mtoto atakayeiona badji ile ndani ya bahasha, na rafiki yake atamwambia huyu alikuwa nani, mbwa wa watu? Sitakuwapo kumjibu. Utakuwapo wewe, kama utakuwa umejifunza.

Basi neno langu ni hili. Mwacha asili ni mtumwa, na anayeazima asili ya jirani ni mtumwa aliyejitafutia bwana mwenyewe. Ile foto ya mzee wa baiskeli utairudisha wewe, kwa mikono miwili, na utamwambia mama mwenye nyumba ulichosema darasani juu ya baba mkwe wake. Jumatatu utakwenda na Kalala. Utasimama mbele, utasema anaitwa nani, alishika nini, na kwa nini kibao ni cheusi. Wakicheka, waache wacheke mpaka wamalize, kisha uwasomee nyuma. Usinifiche. Jina langu liko pale, lisome.

Na nyumbani, ukiona sura usiyoijua, uliza. Uliza kabla hujaamua. Uliza mtu akiwa anachambua sombe, akiwa amechoka, hata akikufukuza rudi tena, kwa sababu mdomo wa mzee hauna sanduku la kufunguliwa baadaye. Foto ikiwa mbaya, mtu akiwa uchi, akiwa amenyolewa, akiwa na kidonda, usiikate, usiipake, usiipambe na vitu vya simu. Pale unapoona aibu ndipo pengine pamefichwa njia. Andika majina. Hizi zenu za simu pia, ambazo mnapiga mia kwa siku na hakuna hata moja yenye jina, andika majina.

Mi sikupewa baraka na Kaku kwa maneno marefu. Siku ya mwisho alinipapasa uso mzima, paji, pua, kidevu, kama alivyokuwa anapapasa kingo za foto, akasema, "Ni wetu." Nami nakupa hiyo, na ninaongeza yangu. Mungu akuweke, Ntumba binti Kapinga. Akupe miguu ya kusimama wima mbele ya watu wanaocheka. Kalala akujue hata kama sisi hatukijui kijiji chake. Na upewe watoto wengi wa maswali, wakuulize huyu nani, na huyu nani, na huyu nani, mpaka sauti ikukauke, na usikose jina hata moja la kuwajibu.